Anahama mpangaji mmoja, kirikuu kimebeba nyumba nzima: dipendensi za monorepo zinavyofika seva bila kuitwa

Tangu ile Septemba 2025 pakeji maarufu za npm (ghala la kodi za JavaScript zilizokwisha andikwa, na pia amri ya kuzishusha), kina chalk na debug, zilipoingiliwa na wahuni wakachomekea kodi ya kompyuta ya kuelekeza sarafu za kidijitali kwenye pochi zao, magrupu ya madevelopa hayajatulia. Kila mtu anashauri "punguzeni dipendensi" na kila anayeshauri ana maana yake kichwani. Mmoja anasema weka `--production` umemaliza kazi. Mwingine anasema tatizo ni monorepo, ivunjeni. Wa tatu anasema Docker, kile chombo cha kufungasha programu na mahitaji yake kwenye kifurushi kimoja kiitwacho imeji, inajisafisha yenyewe, na hilo si kweli hata kidogo, nitafika huko. Halafu anatokea kijana anauliza swali la kawaida kabisa, "jamani API yangu ina mafaili kama arobaini tu, mbona imeji ni karibu GB 2?" (API yake ni programu ya seva inayojibu maombi ya programu nyingine), anajibiwa na stika za kucheka.

Mi namjibu huyo kijana leo, manake hilo swali lilishanitoa jasho mimi mwenyewe.

Tuanze na maneno maana nusu ya ubishi kule ni watu kutumia neno moja kwa vitu viwili.

Dipendensi ni kodi ya mtu mwingine ambayo programu yako haiendi bila hiyo (kodi ya kompyuta hapa, siyo ile ya mwenye nyumba). Hutaki kukaa unaandika mwenyewe namna ya kuongea na hifadhidata ya Postgres, kwa hiyo unachukua pakeji ya `pg` iliyokwisha andikwa. Sasa pakeji nayo ina dipendensi zake, na hizo zina zake, ndo maana unaomba vitu kumi unaletewa mia nne. Orodha ya ulivyoomba wewe inakaa kwenye faili la `package.json`. Orodha ya vyote vilivyokuja, pamoja na wajomba na mabinamu waliofuatana nao, kila mmoja na toleo lake kamili, inakaa kwenye lokofaili: `package-lock.json` kama unatumia npm, `yarn.lock` au `pnpm-lock.yaml` kama unatumia wenzake, Yarn au pnpm. Ya kwanza ni maombi yako, ya pili ni risiti. Shika hiyo tofauti, tutaihitaji.

Repo ni folda la kodi linalotunzwa pamoja na historia yake ya mabadiliko, na monorepo ni repo moja iliyobeba programu kadhaa. Siyo programu moja kubwa! Watu wanachanganya sana hapa. Google mwaka 2016 wahandisi wake walieleza hadharani kwamba repo yao moja, kufikia Januari 2015, ilikuwa na mistari ya kodi kama bilioni 2 na data ya TB 86, na humo zimo programu nyingi tu ambazo kila moja inajengwa na kupelekwa kivyake. Kukaa nyumba moja si kula sahani moja.

Kila programu au pakeji ndogo ndani ya monorepo, yenye `package.json` yake, inaitwa wokispesi. Yarn walianza nazo 2017, npm wakaja nazo kwenye toleo la 7 mwaka 2020. Na kudiploi ni kuitoa programu kwenye laptop yako na kuipeleka inakofanyia kazi, seva, ambako wateja wanaikuta.

Basi tuseme una monorepo ya duka la mtandaoni. Ndani kuna `apps/api` inayojibu maswali ya bei na oda, kuna `apps/wavuti`, tovuti iliyojengwa kwa pakeji ya Next.js, kuna `apps/ripoti` inayotengeneza PDF za mauzo kwa kutumia Puppeteer, pakeji ya kuendesha kivinjari kwa kodi, na kuna `packages/pamoja`, kodi ndogo ndogo ambazo wote watatu wanazitumia, mathalani ile ya kuandika shilingi na mikato yake. Leo unataka kudiploi api peke yake.

Nyumba ya kupanga

Nenda Sinza, nenda Mbagala, utaikuta nyumba ya vyumba sita na koridoo katikati. Kila mpangaji ana vitu vyake, lakini vyumba ni vidogo na hakuna haja kila mtu kununua ngazi yake au pasi yake, kwa hiyo vitu ambavyo wengi wanavitumia vinakaa koridoni. Ukitaka pasi unaangalia chumbani kwako kwanza, hamna, unatoka koridoni unaikuta.

Node, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva, inatafuta pakeji hivyo hivyo kabisa. Inaanza na folda ya `node_modules` iliyo karibu na faili linalouliza, isipoona inapanda folda ya juu yake, tena ya juu yake, mpaka mwisho. Na kwa kuwa npm inajua Node inatafuta hivyo, inazipandisha pakeji nyingi kadiri inavyoweza mpaka `node_modules` ya mzizi wa repo, koridoni, ili kitu kimoja kisikae mara tatu. Inaokoa nafasi kwenye laptop yako, safi sana.

Mwenye nyumba naye ana daftari. Humo kaandika kila kitu kilichomo nyumbani kwake, cha chumba namba moja mpaka namba sita na cha koridoni, daftari moja tu. Hilo ndo lokofaili. Kwenye monorepo lokofaili ni moja kwa repo nzima.

Sasa mpangaji api anahama. Umeita kirikuu, dereva anauliza "bosi nabeba nini?" na wewe badala ya kumpa orodha ya vitu vya api unampa daftari la mwenye nyumba. Dereva hana makosa. Anapakia kitanda cha wavuti, anapakia friji la ripoti, anapakia mpaka ndoo za watu, na api mwenyewe anakaa juu ya mzigo na begi lake moja.

Hicho ndo kinachotokea ukienda kwenye mzizi wa monorepo, ndani ya Dockerfile (faili la maelekezo ya kujenga imeji), ukaandika `npm ci`, yaani instoli kila kilichomo kwenye lokofaili, halafu ukaenda zako kunywa chai.

Kwangu mi ilitokea usiku. Kaseva kadogo, diski GB 20, na kila tukidiploi imeji mpya, ya zamani inabaki pale pale, imeji ya tisa hivi ndo ikagoma: `ENOSPC: no space left on device`. Oda zinaingia, hazihifadhiki. Nilivyoingia ndani ya kontena la api (imeji ikishawashwa inaitwa hivyo) nikapiga `du -sh node_modules/* | sort -h | tail` nikabaki naangalia. Next mzima yumo. TypeScript yumo. Nikaenda kwenye `/root/.cache` nakuta folda ya puppeteer, ndani yake kivinjari cha Chrome kamili, zaidi ya MB 150, manake Puppeteer ukiiinstoli hivi hivi inashusha na kivinjari chake. API ambayo kazi yake ni kujibu bei ya unga ni shilingi ngapi, inatembea na Chrome mfukoni, haijawahi kufungua ukurasa hata mmoja.

"Si uweke tu `--omit=dev`?"

Hili ndo jibu linalotolewa haraka kuliko yote na ni nusu jibu. Zamani ilikuwa `--production`, siku hizi npm wanasema `--omit=dev`, kazi ni ile ile: acha vile vilivyoandikwa kwenye `devDependencies`.

Ukijenga nyumba fundi anakuja na mbao za kufungia zege na anafunga jukwaa la kusimamia. Bila hizo nyumba haisimami. Lakini ukishahamia hukai na jukwaa sebuleni. TypeScript, ESLint, vifaa vya kupimia kodi, hivyo ni mbao za fundi, `--omit=dev` inaviondoa, sawa kabisa, fanya hivyo.

Ila Next siyo mbao ya fundi. Kwa wavuti, Next ni ukuta. Puppeteer kwa ripoti ni ukuta vile vile. Zimeandikwa kwenye `dependencies` za kweli, kwa haki kabisa, isipokuwa ni kuta za watu wengine, siyo za api. Ukiweka `--omit=dev` kwenye mzizi, npm inaondoa mbao za wapangaji wote na inabeba kuta za wapangaji wote.

Kuna maswali mawili hapa na watu wanajibu moja. Hiki kitu ni cha wakati gani, wa kujenga au wa kuishi? Na hiki kitu ni cha nani? `--omit=dev` inajibu la kwanza tu.

La pili kila chombo kina namna yake ya kulijibu. npm unamtajia wokispesi:

```
npm ci --workspace=apps/api --omit=dev
```

Yarn ya kisasa wana kitu kinaitwa focus, kinainstoli kana kwamba huyo uliyemtaja na wale anaowategemea ndani ya repo ndo wakazi pekee wa nyumba. Kwenye Yarn 4 kimo ndani tayari, kwa Yarn 2 na 3 unaongeza plagini yake kwanza:

```
yarn workspaces focus --production api
```

pnpm wana kichujio, na hapa kuna nukta tatu ambazo nimeona watu wazima na akili zao wakizipuuza:

```
pnpm install --prod --filter api...
```

Zile nukta baada ya jina zinasema "api na wote anaowategemea", kwa hiyo na `pamoja` anakuja na vyake. Ukizisahau unapata vya api tu, `pamoja` anabaki hana kitu. Ukiziweka mbele ya jina, `...api`, maana inageuka kabisa, inakuwa "api na wote wanaomtegemea yeye". Nukta zile zile, upande tofauti, mzigo mwingine.

Na wale wa Python msijione mko salama, ukiwa na wokispesi za uv, chombo cha kuinstoli pakeji za Python, lokofaili pia ni moja kwa wote, unaandika `uv sync --frozen --no-dev --package api`. Ugonjwa ni ule ule.

Mbona sasa nikikopi folda ya api tu inagoma?

Mtu akishaelewa hapo anakuja na ujanja: si nikopi tu `apps/api` na `node_modules` yake niiweke kwenye seva, basi? Anafanya, anakutana na `Cannot find module '@duka/pamoja'`.

Kwenye monorepo, `pamoja` haijashushwa kutoka intaneti, ipo hapo hapo ndani ya repo. Kilichomo kwenye `node_modules` ni kiungo tu, kama kikaratasi kimebandikwa mlangoni: "kitu hiki kipo chumba cha nne". Ukikibeba kikaratasi ukahamia Kigamboni, kinaendelea kusema kipo chumba cha nne, ila chumba cha nne umekiacha Sinza.

Ndo maana mi siku hizi napenda amri ya `pnpm deploy`. Jina linatisha kidogo kwa sababu haidiploi chochote kwenda seva yoyote. Inachofanya ni kufungasha: inachukua wokispesi moja, inaweka kwenye folda mpya pembeni, inaweka dipendensi zake tu, na palipokuwa na kikaratasi inaweka kitu chenyewe. Ukimaliza unakuwa na folda moja inayojitegemea, ukiibeba kwenda kokote inafanya kazi.

```
FROM node:22-slim AS jiko
RUN corepack enable
WORKDIR /kazi
COPY . .
RUN pnpm install --frozen-lockfile
RUN pnpm --filter api... run build
RUN pnpm --filter api --prod deploy /mzigo

FROM node:22-slim
WORKDIR /app
COPY --from=jiko /mzigo .
CMD ["node", "dist/server.js"]
```

Angalia hiyo `FROM` ya pili. Docker wameruhusu hatua zaidi ya moja kwenye Dockerfile moja tangu toleo la 17.05 mwaka 2017, na ndo dawa ya swali la mbao za fundi. Hatua ya kwanza nimeiita jiko: huko pika utakavyo, chafua, weka TypeScript, weka moshi wote. Ya pili inaanza upya na sahani safi, inapakua `/mzigo` tu. Jiko zima linabaki nyuma, haliendi seva.

Mitego miwili kabla hujanitukana. Kuanzia pnpm 10, hiyo deploy inataka uwe umeweka `inject-workspace-packages=true` kwenye mipangilio, la sivyo itakwambia utumie `--legacy`. Na kama `dist`, folda ya kodi iliyokwisha jengwa, umeiandika kwenye `.gitignore` (orodha ya mafaili ambayo repo isiyatunze), ambavyo wengi tunafanya, deploy inaweza kuiacha, kwa hiyo itaje kwenye `files` ya `package.json` ya api. Mimi huo wa pili ulinila mchana mzima, nafungua kontena nakuta dipendensi zote zimepangika vizuri kabisa na programu yenyewe haipo.

Sasa nirudi kwa yule aliyesema Docker inajisafisha yenyewe, ile imani ya kwamba ukifuta baadaye imeji inapungua. Watu wanaandika `RUN npm ci`, mistari inayofuata wanajenga, halafu chini kabisa `RUN npm prune --omit=dev`, wanashangaa ukubwa ni ule ule. Imeji ya Docker ni matabaka, kila `RUN` na kila `COPY` inaweka tabaka jipya juu ya lililopita, na lililopita haliguswi. Kufuta kwenye tabaka la juu ni kama kupaka chokaa ukuta uliochorwa na watoto. Michoro huioni, lakini ipo chini ya chokaa na unailipia usafiri kila ukivuta imeji. Na kwa bando zetu hizi, kuvuta na kusukuma GB 2 kila unapobadili mstari mmoja siyo mchezo.

Daftari linavyoharibu kasi

Hii sehemu wengi wanairuka na mi naona ndo tamu zaidi.

Hayo matabaka Docker inayatunza. Kama kilichoingia kwenye tabaka hakijabadilika, hairudii kazi, inatumia la jana. Ndo maana kwenye repo ya kawaida unafundishwa kukopi `package.json` na lokofaili kwanza, uinstoli, halafu ndo ukopi kodi. Ukibadili kodi peke yake instoli hairudiwi, dakika nne zinakuwa sekunde chache.

(Dockerfile yangu ya hapo juu inakopi kila kitu mara moja, `COPY . .`, kwa hiyo haina huo ujanja. Nimeiacha hivyo isomeke.)

Kwenye monorepo ujanja huo una tundu. Lokofaili ni daftari la nyumba nzima, si ndio? Mwenzako kwenye wavuti kaongeza pakeji ya kuchora grafu. Api hajui habari hiyo na haimhusu. Lakini lokofaili limebadilika, na api wakati wa kujengwa anakopi lokofaili lile lile, kwa hiyo Docker inaona faili jipya, inatupa tabaka la jana, inainstoli upya kila kitu cha api ambacho hakijabadilika hata herufi. Timu ikiwa na watu wanane, kila siku kuna mtu kagusa daftari.

Turborepo, chombo cha kujengea monorepo, wana amri ya `turbo prune`, na hapa Kiswahili kinatusaidia kweli, ni kupogoa. Anayelima korosho anaelewa, unakata matawi yasiyozaa mti ubaki na yanayozaa. Ukiandika `turbo prune api --docker` inakupa folda ya `out`, ndani yake kuna `json` yenye `package.json` za wanaohusika tu, kuna `full` yenye kodi yao, na kuna lokofaili lililopogolewa, lenye mistari inayomhusu api na wanaomfuata tu. Unakopi `json` na lokofaili, unainstoli, halafu unakopi `full`. Wavuti wakiongeza grafu zao, daftari la api halitikisiki, na tabaka la jana linatumika.

Jiko la jirani

Sasa umefanya yote hayo. Imeji ilikuwa karibu GB 2 imeshuka chini ya MB 300, umepiga picha skrini umeituma grupuni, unadiploi, programu inawaka sekunde mbili inazima: `Cannot find module 'dayjs'`.

Kwenye laptop inafanya kazi. Majaribio yote yalipita. Unaapa dayjs, pakeji ya tarehe, ipo, na kweli ipo, umeiona kwa macho yako kwenye `node_modules`. Lakini fungua `apps/api/package.json` uitafute. Haipo. Aliyeiomba ni ripoti. Npm ikaipandisha koridoni, na wewe siku moja kwenye api ukaandika `import dayjs from 'dayjs'`, Node ikaangalia chumbani ikakosa, ikatoka koridoni ikaikuta, kimya, hamna aliyelalamika. Ulikuwa unapikia jiko la jirani mwaka mzima ukidhani ni lako, umegundua siku ya kuhama.

Kwa Kiingereza wanaziita za mizimu, mi naziita dipendensi za kudoea. Na hizi ndo sababu halisi watu wanajaribu kuinstoli vinavyohitajika tu, inagoma, wanakata tamaa, wanarudi kubeba nyumba nzima na kusema "hiki kitu hakifanyi kazi". Amri zinafanya kazi. Zinasoma `package.json` na kuiamini, na `package.json` ndo imedanganya.

pnpm ni mkali kwenye hili tangu mwanzo, haipandishi vitu vyote koridoni, kila wokispesi inaona ilivyoomba yenyewe basi. Ndo maana watu wakihamia pnpm siku ya kwanza wanapata makosa kumi na tano wanailaumu pnpm. Ni kama mgeni aliyekuja akauliza "hili jiko la nani?" mkachukia. Kama unabaki npm, ESLint ukiiwekea plagini ya `eslint-plugin-import` ina sheria ya `import/no-extraneous-dependencies`, inapiga kelele ukiita kitu ambacho hakimo kwenye orodha yako. Iwashe kabla hujaanza kupunguza mzigo, siyo baada.

Kuna na kinyume chake, kitu umekiandika lakini upande usio wake. `dotenv` iko kwenye `devDependencies` na kumbe seva inaiita ikiwaka. Hapo `--omit=dev` inaiondoa kama ulivyoiagiza, na lawama zinaenda kwa Docker.

Maneno mengine yanayozunguka

"Vunjeni monorepo, kila programu repo yake." Inawezekana, na mzigo utapungua kweli. Ila sasa ile `pamoja` inabidi uichapishe kama pakeji, ukirekebisha mkato mmoja wa shilingi unapandisha toleo, unaenda kwenye repo tatu unasasisha, moja unaisahau. Umetibu mafua kwa kukata pua. Kama una sababu nyingine za kutenganisha sawa, hii peke yake haitoshi.

"Tumia bandla, esbuild inakukusanyia kila kitu faili moja." Hii naikubali, kwa programu ndogo ndo njia fupi kuliko zote, faili moja la MB chache na hakuna `node_modules` kabisa. Inakwama kwenye pakeji zenye vipande vilivyokompailiwa kwa mashine husika, kama sharp ya picha au bcrypt, hizo haziingii ndani ya faili la JavaScript, inabidi uziache nje na uziinstoli kivyake. Ukiwa unapeleka AWS Lambda kwa zipu, ambako mwisho ni MB 250 ikishafunguliwa, hapo bandla ni rafiki mkubwa.

"Diski siku hizi bei rahisi." Diski ndiyo. Lakini kila pakeji iliyomo ndani ya kontena ni mlango, na wale wa Septemba 2025 walipitia milango ambayo wengi hawakujua hata kama wanayo, manake nani anakaa anakumbuka kwamba ana debug? Skana ya usalama ikikuletea onyo la pakeji ya wavuti kwenye imeji ya api, unatumia asubuhi yako kujibu jambo ambalo halikupaswa kuwepo.

Na wavuti yenyewe, kwa kuwa mtauliza: Next.js ina mpangilio wa `output: 'standalone'`, inafuatilia mafaili yanayotumika kweli na kuyafungasha pembeni. Ndani ya monorepo uiambie mzizi wa repo uko wapi kwa `outputFileTracingRoot`, la sivyo inaweza kuishia kwenye folda yake na kumwacha `pamoja` nje ya geti.

Kabla hujasema umemaliza, ingia ndani ya imeji mpya mwenyewe uangalie, usiamini rangi ya kijani ya majaribio:

```
docker run --rm -it api-mpya sh
ls node_modules node_modules/.pnpm | grep -E 'next|puppeteer|typescript'
```

Isipotoa kitu, vizuri. Ikitoa typescript, angalia nani kaiandika kwenye `dependencies` badala ya dev, `pnpm why typescript` ukiwa kwenye repo itakutajia. Halafu iwashe api kwenye hilo hilo kontena, upitie kila njia, siyo ile ya `/afya` peke yake, manake dipendensi ya kudoea inaweza kuwa imejificha kwenye faili linaloitwa tu mteja akiomba kurudishiwa pesa. Ikianguka kwa `Cannot find module`, usirudi kwenye Dockerfile. Fungua `package.json` ya api, andika jina la hiyo pakeji, jenga tena.